Mikono ya Gichuru

Siku Jared Opiyo alipoanza kazi Ruiru, alipewa msumeno wa chuma akaambiwa akate madigadi ya gari ambalo halikuwa na ubovu wowote. Lilikuwa Ford kuukuu, la miaka ya kabla ya vita, na lilikuwa limesimama katikati ya ghala la kahawa lililogeuzwa gereji. Jared alikuwa ametoka Kisumu, alikokuwa akitengeneza malori ya pamba, na kule kazi ya fundi ilikuwa kurudisha kilichong'oka. Alilizunguka lile gari, akalikagua, kisha akamwuliza fundi mkuu madigadi yale yana kosa gani.

"Hayana kosa," Gichuru alisema. "Ni mazito."

Gichuru alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kovu refu kwenye dole gumba la kulia. Alimweleza mgeni kazi yenyewe huku akiendelea kufungua nati. Bwana Roland, mtoto wa mwenye shamba, alikuwa ameona picha katika magazeti ya Amerika. Huko vijana huchukua gari la zamani wakalivua nguo: madigadi, bampa, kifuniko cha injini, vyote chini. Kisha paa hukatwa nguzo zake likashushwa mpaka dereva aone barabara kama mtu anayechungulia chini ya mlango. Injini ndiyo inayoongezewa, kabureta mbili badala ya moja. Jina lake hotrodi.

"Linabeba nini?" Jared aliuliza.

"Bwana Roland."

"Na nini kingine?"

"Basi. Bwana Roland na kelele."

Jared alicheka, akaanza kukata. Alipenda kazi ile upesi kuliko alivyotarajia. Gichuru alimfundisha kusaga valvu: unapaka dawa ya kusagia, unabandika kijiti chenye mpira juu yake, kisha unakipekecha katikati ya viganja kama wazee walivyopekecha moto, mpaka valvu ikae kwenye kiti chake bila hewa kupenya. Alimfundisha kuweka bisibisi sikioni ili asikie silinda inayolalamika. Jared akikosea, Gichuru hakufoka. Alimtazama kidogo tu, akamrudishia spana.

Jioni Gichuru alirudi kwenye kijiji kipya walichohamishiwa watu wa hapo, chenye handaki na miti iliyochongwa ncha kukizunguka, ambako aliishi na mkewe Waithira na binti yao Ngendo. Jared hakuwa Mkikuyu, kwa hiyo hakuwa na kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Ile ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na hatari hiyo ilihesabiwa kwa kabila.

Ekzosi ya gari, bomba la kutolea moshi, ilitakiwa itengenezwe kwa bomba la maji. Jared ndiye aliyepewa kazi ya kupima na kukata, na alipima vibaya. Alikata fupi, akakata tena fupi. Bwana Roland alipoingia akaona vipande sakafuni, alimgombeza mbele ya kila mtu. Gichuru alivikusanya, akavitupa nyuma ya ghala kwenye lundo la vyuma chakavu, akapima bomba jingine mwenyewe.

Askari walikuja kesho yake, wakati wa chai. Siku zile watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali, walikuwa wakitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, na hilo lilijulikana mpaka na watoto. Ofisa mmoja alipekua lile lundo, akarudi na vipande kifuani kama mtu aliyebeba kuni.

"Nani nakata hii?"

Bwana Roland alikuwepo. Aliigeukia kabureta, akaitazama kana kwamba imemwita. Ofisa alimwangalia Jared, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Jared alifungua kinywa, na neno "mimi" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lililotoka lilikuwa "Gichuru."

Gichuru aliweka kikombe chini. Alimtazama Jared kama alivyomtazama siku alipokaza nati kupita kiasi, kisha akapanda lori la askari. Vumbi lilipotulia, Bwana Roland alisema, "Mbaya sana. Lakini gari lazima kwisha."

Wiki iliyofuata, Jumatatu asubuhi, mikono ya Gichuru ilikuja kazini.

Ilikuja peke yake, kuanzia viwiko kushuka, ikitembea kwa vidole kwenye njia ya katikati ya mibuni. Kovu lilikuwa mahali pake kwenye dole gumba. Ilijifuta kwa kitambaa cha gereji, ikapanda kwenye meza, ikachagua spana. Jared aliisogezea kopo la nati. Bwana Roland alipopita aliona valvu zinasagwa vizuri, akasema, "Habari," nao mkono wa kulia ukainuka kidogo kujibu.

Saa sita Waithira alifika na maji ya moto kwenye sufuria. Aliiosha mikono ile, akaipaka mafuta, akakata kucha. Jioni alikuja tena, akaiweka ndani ya kiondo, kikapu chake cha kamba, akaenda nayo nyumbani.

Kwenye lango la kijiji alizuiwa na Kagwe, homgadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, aliyepekua kiondo na kutaka kibali. Alisema hana neno na mikono, ila mtu mzima haruhusiwi kuingia bila karatasi, na mikono ile ilikuwa ya mtu mzima. Waithira aliipeleka Thika, kwenye ofisi ya serikali. Karani aliyejaza fomu ya kibali alisita alipofika sehemu ya urefu na sehemu ya rangi ya macho, akaziacha wazi. Sehemu ya alama ya dole gumba haikuleta shida.

Jumapili mikono haikuonekana. Jumatatu ilirudi na vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye viwiko, na kwa hali yake Waithira alisoma habari za kambi alikofungwa Gichuru, kule mbali kwenye joto. Malengelenge yalimwambia kwamba wanapasua kokoto. Kuna Jumatatu ilirudi na alama za kamba. Nyingine ilirudi na vidole viwili bila kucha, na siku hiyo Waithira aliosha polepole sana, na maji yakapoa.

Jared alikuwa amesimama hapo karibu. Kilichomuumiza ni kwamba mikono haikumwekea kinyongo. Ilimshika viganja vyake ikavielekeza kwenye kijiti cha valvu. Akikosea, ilimrudishia spana.

"Mama Ngendo," alisema, "yale mabomba nilikata mimi."

Waithira hakuinua macho. "Najua. Gichuru hawezi kukata kitu kikawa kifupi."

"Niliogopa."

"Hata sisi tunaogopa." Alikamua kitambaa. "Sasa umeniambia mimi, mimi nina ufunguo wa kambi? Enda uambie waliomchukua."

Jared aliazima baiskeli akaenda Thika. Alingoja kwenye benchi mpaka mchana. Ofisa alikuwa yule yule aliyemchukua Gichuru, na alimsikiliza vizuri, bila haraka.

"Wewe Jaluo?"

"Ndiyo, bwana."

"Wewe nakata bomba ya nini?"

"Ya ekzosi, bwana. Ya hotrodi."

"Basi hakuna kosa. Jaluo nakata, hiyo ekzosi. Mkikuyu nakata, hiyo bunduki."

"Lakini ni bomba moja, bwana. Na yeye hakukata."

Ofisa alifikiri. Aliuliza kama ni kweli mikono ya mtu huyo inafika kazini. Jared alisema inafika, hata haichelewi. Ofisa alitandaza viganja vyake juu ya meza. "Sasa nini naharibika?" alisema, akamwita aliyefuata.

Hotrodi lilikamilika mwezi wa Julai. Bwana Roland alilijaribu kwenye barabara iliyonyooka kuelekea Thika, na wafanyakazi wa mashamba walipanga foleni kandokando kuliona. Lilipita chini chini, jeusi, likinguruma. Wazungu walipiga makofi. Bwana Roland alirudi amejaa vumbi la furaha, akasalimiana na kila mtu, na alipofika kwenye mikono ya Gichuru aliukamata wa kulia akautikisa kwa nguvu, akiviminya vile vidole visivyo na kucha. Mkono ulivumilia mpaka akauachilia.

Jioni hiyo Waithira alipofunga kiondo, Jared aliomba kumbebea.

"Hiki hubebi," alisema Waithira.

Basi Jared alimfuata nyuma. Waithira hakumwambia aje, wala hakumwambia arudi. Langoni, Kagwe aliangalia kibali, akafungua kiondo, akahakikisha mikono ni miwili, akampisha Waithira. Kisha akamgeukia Jared.

"Na wewe?"

"Ni mimi nilikata bomba."

"Nimesikia," Kagwe alisema. "Lakini hapa ndani ni kwa wale wamefungiwa. Wewe huna kibali ya kufungiwa. Rudi, kafyu si yako."

Akavuta lango akalifunga.

Jared alibaki upande wa pili wa handaki. Kupitia katikati ya miti iliyochongwa aliona mlango wa nyumba ya Waithira na moshi wa jikoni. Ngendo alikuwa amesimama mlangoni akitetemeka, maana baridi ya Julai ilikuwa imeshuka. Mikono ya baba yake ilikuwa ikimfunga vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, kuanzia chini. Ilichukua muda, kwa sababu vile vidole viwili bado havikuwa na kucha, na mtoto alikuwa ameinua kidevu, akingoja.