Mshono Ulioachwa Wazi

Ndege ya mama mkwe wangu ilicheleweshwa kwa saa tatu, nami nikafurahi kimoyomoyo. Kisha nikajiuliza nafurahia nini hasa, maana mwenyewe alikuwa hazungumzi nami.

Kununa kwa mama mkwe wangu si kununa kwa watu wa kawaida. Hakatai salamu wala hakatai chai. Anakujibu vizuri kabisa, neno moja kwa kila swali, halafu anakunja mikono na kutazama mbele kama yuko kwa mpiga picha. Tulikuwa tumeishi hivyo wiki mbili nzima. Sasa alikuwa anakwenda kwa wifi yangu, na hakuna aliyejua kama atakaa huko mwezi mmoja au ndiyo anahama. Nilishamuuliza mara mbili, na mara zote mbili alijibu, "Tutaona."

Kosa lilikuwa langu, sina haja ya kuzunguka. Tuna duka la ushonaji, yeye na mimi, cherehani mbili zimetazamana, huu mwaka wa kumi na tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Wateja wanamwita Mama Mstari, kwa sababu mshono wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba ungeweza kuutumia kama rula. Nasema ulikuwa. Mwaka huu macho yalianza kumwangusha, mstari ukaanza kutangatanga, na mimi badala ya kumwambia nikawa nangoja aende nyumbani kula mchana, naifumua kazi yake na kuishona upya haraka haraka. Nilijiona mwema kweli! Siku moja akarudi kuchukua mwavuli wake, akanikuta na sketi aliyoishona asubuhi iko mapajani mwangu, nyuzi zake zimetapakaa sakafuni. Alichukua mwavuli akaondoka, na jioni ile ile akampigia simu wifi yangu.

Basi tukakaa pale ukumbini, uwanja wa ndege, kwenye viti vya chuma vinavyoshika baridi. Mume wangu alishatushusha na kurudi kazini. Begi kubwa lilishapokelewa, na mama amebaki na mkoba tu. Nikamnunulia maji, akashukuru. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Hapana. Kama ana njaa. Hapana. Nikaishiwa maswali.

"Kile ni nini?" akauliza ghafla.

Maneno matatu. Nusura nianguke kwenye kiti.

Upande wa pili wa ukumbi, kutoka darini mpaka karibu na sakafu, kulikuwa na kitambaa kikubwa ajabu. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili nikidhani ni pazia la kuficha ujenzi. Sasa nikakitazama vizuri, nikaona ni anga. Chini kulikuwa na kijivu, katikati rangi ya chungwa, na juu buluu inayoendelea kukolea. Ilikuwa asubuhi, imening'inizwa ndani ya nyumba. Tukainuka bila kuambizana.

Karibu yake ile anga ikavunjika vipande vipande. Ilikuwa ni sare za kazi, mamia ya sare kuukuu, zimekatwa na kuunganishwa. Kijivu ni cha wafagiaji, chungwa ni vizibao vya wale wanaoongoza ndege, buluu ni ya walinzi. Mifuko ilikuwa bado imo, na matundu ya vifungo, na doa moja la wino pale mtu alipokuwa akichomeka kalamu. Nilisisimka mwili mzima. Miaka yote ile nimekata na kushona sare, sikuwahi kufikiri zinaweza kuwa kitu cha kusimama na kukitazama.

Pembeni palikuwa na kibao cha maelezo. Hatukukisoma. Fundi cherehani hasomi kibao. Fundi anashika ukingo wa nguo na kuugeuza aone upande wa ndani, kwa sababu ndani ndiko kazi inakosema ukweli. Mama akashika, akageuza.

"Huyu hajui kuficha fundo," akasema. "Na huyu alikuwa na haraka, tazama. Lakini huyu hapa! Huyu kafundishwa na mtu mkali."

"Kama mimi," nikasema.

"Wewe ulikuwa mbaya kuliko huyu."

Tukacheka. Kwa robo saa nilimpata tena mama mkwe wangu, tunatembea ubavuni mwa ile anga, tunawasengenya mafundi tusiowajua. Nilikuwa na furaha hata nikaomba ndege isije kabisa.

Ndipo akafika penye tundu. Kipande cha chungwa na cha kijivu vilikuwa vimeachana, upana wa mkono mzima.

"Maskini, kumeachia," akasema. Akapapasa upindo wa kilemba chake, anakochomeka sindano akiwa popote, akaitoa pamoja na uzi uliozungushiwa. Akanipa bila kunitazama. "Nitungie."

Nikamtungia. Akaanza kushona, amesimama vile vile, vidole vinakwenda kwa mazoea. Na mstari ukaanza. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Vidole vyangu vilikuwa vinaniwasha, nikavibana kwapani.

"Jamani! Jamani, mnafanya nini hapo?" Mlinzi alikuwa anakuja mbio, mkono mmoja umeshika kofia.

"Tunawasaidia," mama akasema, akakata uzi kwa meno. "Na wewe suruali yako imeachia upindo. Ukipata nafasi niletee."

Mlinzi akatazama suruali yake, kisha akakumbuka kazi iliyomleta. Akanyooshea kidole kile kibao. Nikasoma kwa sauti, na sauti ikazidi kupungua kadiri nilivyosoma. "Baadhi ya mishono imeachwa wazi kwa makusudi, kwa kuwa kazi hii ni ya watu ambao kazi yao haiishi."

"Kwa makusudi?" mama akasema. "Mimi mteja angenirudishia."

Akaitwa msimamizi wa mapambo ya jengo, mwanamke mpole mwenye kitambulisho shingoni. Aliutazama mshono kwa muda, na nikaona anazuia kicheko.

"Ahsante, mama yangu, kwa kweli mmefanya kwa moyo," akasema. "Ila lazima pabaki kama msanii alivyopaacha. Itabidi nitafute mtu aje afumue."

"Ya nini kuhangaika?" mama akasema. "Huyu hapa. Kazi yangu anaifumua vizuri sana."

Uso ulinichoma kwa aibu. Mlinzi akajifanya anatazama dari.

"Mimi sifumui," nikasema.

"Umeombwa na mwenye kazi."

"Hata kama. Sifumui, Mama. Nilishafumua vya kutosha." Na machozi nayo yakaja, mbele za watu, na masanduku yao.

Mama akageuka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya ile sketi.

"Kwani mshono umenyooka?"

Nikikubali ni uongo, nikikataa ndiyo yale yale ya kumfumulia. Nikafuta pua.

"Haujanyooka, Mama."

"Umepinda wapi?"

"Hapa. Na hapa. Huku mwisho umepanda kabisa."

Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kweli," akasema. "Umepinda." Akauondoa ukucha. "Unafikiri siyajui macho yangu? Mimi nimekufumulia kazi yako miaka mitatu, mwanangu. Mbele yako, unalia, wateja wanaangalia. Kufumuliwa hakujamuua fundi. Lakini sikungoja hata siku moja uende kula."

"Nisamehe, Mama."

"Haya, fumua. Nione."

Nikafumua kwa ncha ya sindano, tundu kwa tundu, naye akakishika kitambaa kwa mikono yote miwili kisilegee. Msimamizi alileta kiti lakini hakuna aliyekikalia. Tangazo la ndege likasikika, nikaongeza mwendo.

"Polepole, utachana," akasema. "Hawawezi kuniacha, begi langu liko kwao."

Tulipomaliza tulirudi nyuma hatua chache, tukaitazama ile asubuhi pamoja na tundu lake. Lilipendeza, kusema kweli. Kisha nikamsindikiza mpaka mlango wa abiria, nikampa mkoba.

"Kuna ile gauni ya muuguzi kwenye cherehani yangu," akaniambia. "Mkono wa kushoto bado. Usiiguse. Nitaimaliza mwenyewe, na wewe utakaa hapo mbele yangu, uniambie kila inapopinda."

"Lakini Mama, mteja anaitaka Ijumaa."

"Mteja atangoja," akasema, akaingia.