Sikiliza Mpira Mpaka Zilingane

Siku niliyokuta kabureta mbili zimelazwa ndani ya karai langu la mandazi, zimezama kwenye petroli kama watoto wanaoogeshwa, nilimwita mume wangu majina yake yote, la ubatizo na la ukoo, hadi mbuzi wakaacha kula. Ewoi hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa chini ya kibanda cha makuti ya mkoma, amenipa mgongo, anasugua kitu kwa mswaki. Mswaki wenyewe, nilipokaribia, ulikuwa wangu.

Wakati huo nilidhani ni kiburi tu.

Gari lilikuwa MG, gari dogo la spoti la Kiingereza, jekundu, viti viwili, paa halina, limetengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Rubani mmoja Mwingereza alilileta Lokichoggio enzi zile ndege za msaada zikiruka kutwa kucha kwenda Sudan. Ewoi alikuwa dereva wa lori la mafuta pale uwanjani, na miaka yake ya ujana aliimalizia kando ya injini za ndege zinazonguruma. Rubani alipofungasha virago alimwachia funguo. Gari likaja hapa Lodwar juu ya lori, limekufa kabisa, na tangu siku hiyo ua wangu ukawa gereji.

Niseme ukweli, mume wangu ana mikono. Vipuri vya gari lile havipo Lodwar, havipo Eldoret, na Nairobi wanakucheka. Kwa hiyo bushi alizichonga kutoka tairi kuukuu la lori. Gasketi alizikata kwa kisu, kwenye karatasi ngumu ya boksi la sabuni. Magurudumu yake yana spoku kama baiskeli, na zilizokatika alizipeleka kwa fundi wa baiskeli pale sokoni, akamsimamia hadi jioni. Kiti cha abiria mbuzi walikuwa wamekitafuna. Mimi ndiye niliyekishona upya kwa ngozi ya mbuzi, na nikaona hiyo ni haki.

Majirani walinipa pole kama niliyefiwa. Ningekuwa nimeliuza gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zamani sana, kama si Nakeno.

Nakeno ni dada mkubwa wa Ewoi, anaishi Kakuma. Ukame ulipomaliza mifugo ya baba yao, na baba mwenyewe akafuata, Nakeno alikuwa msichana na Ewoi mtoto mwenye homa. Alimfunga mgongoni akatembea naye porini hadi misheni ya Kakuma, na huko mgongoni mtoto akasema, nikikua nitakubeba. Mtoto husema mengi. Lakini Nakeno hasahau kitu, na kila Krismasi alimuuliza mdogo wake mbele ya watu ule mgongo wake uko wapi.

Mwaka huu alianguka akitoka kuchota maji. Alilala juani mchanga ukimchoma hadi jirani aliyekuwa akienda kutafuta kuni akamwona. Daktari akasema mama huyu asikae tena peke yake. Nikakodi teksi, nikaenda Kakuma kumleta kwangu, nimeshatandika kitanda. Alinipokea vizuri, akanipa chai, halafu akanirudisha na teksi yangu tupu.

"Nilimbeba kwa mgongo wangu, si mgongo wa kukodi," aliniambia. "Akija, aje na wake."

Nilimweleza Ewoi hayo. Aliingia chini ya gari na siku hiyo hakula. Ndipo nilipoelewa kwamba lile si gari tena. Lisipofika Kakuma, yule mama angeanguka tena, na safari hiyo pengine asipite mtu wa kuni.

Injini iliwaka, hilo tulishangilia. Lakini ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, ikakohoa, ikatoa moshi, na kila alipolijaribu gari barabarani lilimfia kwenye daraja la Kawalase. Watoto wa pale walizoea. Walikuwa wakimsubiri wamekunja mikono ya mashati, wamsukume hadi nyumbani wakiimba.

Mafundi wa mjini walikuja wakakuna vichwa. Wao wamezoea pikapu na bodaboda. Kabureta mbili kwenye injini moja waliona ni ubadhirifu. Mmoja alishauri moja izibwe. Aliyekuwa anaelewa ni mtu mmoja tu, Godelieve, mama Mkongo mwenye karakana ya pikipiki na jenereta kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma. Baba yake alikuwa na gereji Bukavu, na magari ya zamani ya Kizungu alilelewa nayo. Shida ni kwamba mkimbizi haji mbali kama Lodwar bila ruhusa, na ruhusa ilikuwa haijatoka, basi alimfundisha Ewoi kwa ujumbe wa sauti wa simu. Ewoi alisikiliza ujumbe wa mwisho simu ikiwa imegandamana na sikio, akaitikia kwa kichwa, akaja kuniomba redio.

Nikampa. Nilidhani amechoka anataka kupumzika, na ilikuwa Jumamosi. Akatoa vichujio vya hewa, akawasha injini, akaweka redio juu ya boneti, akavuta kiti akakaa. Mechi ilikuwa ya ligi ya Uingereza, nami nikajiambia pengine gari la Kiingereza linataka mpira wa Kiingereza. Injini ikatetemeka, mtangazaji akapiga kelele, Ewoi ametulia amekunja miguu kama mheshimiwa. Kabla ya mapumziko rejeta ilichemka, maji yakaruka, redio ikaloa, na gari likazima. Mechi yenyewe niliisikia kwa jirani, iliisha tatu bila.

Hapo Ewoi alipandwa na hasira ambazo sijawahi kuziona kwake.

"Mama Carol, huyu mama ananichezea," alisema. "Ati nisikilize mpira mpaka zilingane. Mimi ni mzee wa kuchezewa?"

Kumbe alikuwa ameelewa kwamba injini iachwe iungurume muda wa mechi nzima, na kabureta zitalingana zenyewe taratibu. Sasa aliona amefanywa mjinga. Akaapa hatapokea tena simu ya Godelieve, na hakuipokea, ingawa ilimlilia mfukoni.

Nami nilikuwa na hasira zangu. Mume wangu namgombeza mimi, si mtu mwingine. Nikachukua simu yake nimpigie huyo mama nimpe zake, lakini nikaona kwanza nisikilize ule ujumbe, nimrudishie maneno yake mwenyewe moja moja. Nikaucheza.

"Papa Ewoi, jambo. Toa firita, washa moteri, sikiliza na mpira, ya mbele na ya nyuma, mpaka zilingane. Hapana harakisha."

Nikaucheza tena. Sikiliza na mpira. Wakongo wakisema 'na', sisi tungesema 'kwa'. Hakusema mpira wa miguu. Alisema mpira ule ambao kila mwenye gari hapa Lodwar anao, wa kunyonyea petroli kwenye tangi.

Nikampelekea Ewoi simu, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikamchezea. Alisikiliza kwa makini.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Sikiliza mpira."

Nikasimama pale na simu mkononi, na mambo yakaja yenyewe. Runinga inayopiga kelele hadi mtaa wa pili. Vikao ambavyo akirudi husema vilikuwa vizuri, ukimuuliza walisema nini anaenda kuangalia mbuzi. Mimi naongoza kwaya ya kanisa letu, na kila wimbo mpya nikimuuliza, anasema mzuri sana, hata ule tulioharibu. Na ile siku ya karai, nilipoita hadi mbuzi wakanisikia. Hakikuwa kiburi. Zile ndege za Lokichoggio zilikuwa zimemla masikio kidogo kidogo, naye alikuwa akiitikia kwa kichwa tu asinipe wasiwasi. Nilimhurumia, na papo hapo nikataka kumpiga kwa kunificha.

Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilichukua ule mpira wa petroli kutoka kwenye msumari, nikauosha kwa sabuni, nikampelekea kibandani.

"Baba Carol, alisema na mpira."

Aliutazama ule mpira, akanitazama mimi.

"Hiyo 'na' sikuisikia," alisema.

"Najua. Washa gari."

Akawasha. Nikatia ncha moja ya mpira sikioni na nyingine nikaisogeza kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Mama yangu. Ilikuwa inavuta pumzi, nyembamba, juu kabisa, sauti ya kwanza inayotaka kusikika peke yake. Nikahamia ya nyuma. Ile ilikuwa nzito na ya kukoroma, besi aliyechelewa mazoezini. Zilikuwa mbili kwenye wimbo mmoja na kila moja na ufunguo wake, na hiyo kazi mimi nimeifanya kila Alhamisi tangu ujana wangu. Hakuna haja ya kunifundisha.

Tatizo lilikuwa kumwambia. Injini inanguruma, na ningepiga kelele hadi niungue koo asisikie. Basi nilinyoosha mkono kama mbele ya kwaya. Kiganja juu, akafungua skrubu kidogo. Kiganja chini, akakaza. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, hayakubanduka, nami nikakumbuka kwamba waimbaji wangu wenyewe hawajawahi kunitazama hivyo. Mbele, nyuma, mbele tena. Ile nyembamba ikashuka, ile nzito ikapanda, na zikakutana. Nikasikia pumzi moja kwenye midomo miwili. Nikafunga ngumi, kama ninavyofunga noti ya mwisho.

Injini iliacha kutetemeka. Ewoi hakuhitaji masikio kujua. Aliweka kiganja kwenye boneti, akafumba macho, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Hatukungoja kitu. Asubuhi kukiwa bado na ubaridi tulitoka, na pale Kawalase watoto walikuwa tayari, mikono imekunjwa. Tuliwapita. Nikageuka kuwaangalia, walibaki katikati ya daraja midomo wazi, hawana kazi. Huyo mzee alipiga honi hadi nikamwambia inatosha, na bila shaka hakunisikia.

Lami ya Kakuma tuliila bila kusimama, upepo usoni, ngamia wanatupisha. Godelieve, niliyempigia simu usiku, alikuwa ametangulia Kakuma mjini kwa bodaboda kutungoja kando ya barabara. Aliinamisha kichwa juu ya boneti, akasikiliza kidogo, akasema inapumua sawa. Ewoi akamwomba radhi, akamsimulia habari ya mechi yote, na yule mama alicheka hadi akashika kioo cha gari asianguke.

Nakeno tulimkuta amekaa nje kwenye kigoda chake, shanga zote shingoni, begi moja miguuni. Ewoi akamwamkia, ejok, naye akasimama akalizunguka gari polepole kama mtu anayechagua ng'ombe. Akagusa taa, akapapasa kiti cha ngozi, akapiga tairi kwa fimbo.

"Ndogo," alisema.

Ewoi alisubiri.

"Lakini ni yako. Nani ametengeneza?"

Mume wangu akajionyesha kwa kidole, halafu akanionyesha mimi. Nakeno akakubali kwa kichwa, akampa kigoda akibebe, akapanda mbele. Mimi, mwenye masikio yangu, nilikaa nyuma kwenye kijirafu cha mizigo, magoti kidevuni, hadi Lodwar. Sikulalamika sana.

Tulipokaribia mji Nakeno alianza kuimba. Lazima nieleze. Kwetu mwanaume huwa na ng'ombe dume wake anayempenda kuliko wote, humwimbia, na watu humwita kwa rangi ya huyo ng'ombe. Ewoi hakuwahi kupata wake. Ukame ulimaliza zizi kabla hajafikia umri. Maisha yake yote ameitwa dereva. Nyimbo hizo huimbwa na wanaume, lakini Nakeno hajawahi kumwomba mtu ruhusa. Aliimba fahali mwekundu asiyelala njiani, mwenye macho mawili ya kung'aa, aliyekwenda kumchukua mama mzee, na kila mwisho wa ubeti alitaja jina la mwenye fahali.

Tulikuwa juu ya daraja la Kawalase. Watoto walikuwa bado wapo, safari hii wanakimbia pembeni yetu wakishangilia. Ewoi alipunguza mwendo akageuza kichwa kwangu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Anasema nini?"

Niliinama hadi kwenye sikio lake la kushoto, lile zuri kidogo.

"Anakuita Apaloreng. Baba wa fahali mwekundu."

Akatazama mbele. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke. Kisha akaniambia hajasikia vizuri, nirudie. Nilijua amesikia. Nikarudia.