Mwitikiaji wa Ukumbi Mtupu

Kiti cha plastiki kiliburutwa juu ya vigae, polepole, kama mtu anayekisogeza ili akae vizuri asikilize. Nilikuwa nimefumba macho, katikati ya sentensi. Nilipoyafumbua niliuona ukumbi ule ule: viti vimepangwa ukutani na kufunikwa shuka, jukwaa la mbao, mapazia yaliyoliwa na chumvi. Ilikuwa saa saba mchana. Nje jua lilikuwa limetuama juu ya bwawa la kuogelea lisilo na maji. Kiti kimoja kilikuwa mbele, hatua nne kutoka jukwaani, kimenielekea mimi. Sikukiweka pale.

"Hesbon!" niliita. "Kama ni wewe, mzaha wako haunichekeshi."

Hesbon alikuwa mlinzi wa hoteli ile, iliyofungwa miaka mitatu nyuma hapa Diani, naye ndiye aliyekuwa akinifungulia ukumbi. Alinijibu kutoka getini, mbali kabisa: "Nini tena, Twahir?"

Nikamwambia si kitu. Mimi si mtu wa kukimbia kiti.

Kilichonipeleka pale ni beji. Nilikuwa nikiongoza wageni ufuoni bila beji, na asiye na beji hufukuzwa na askari kama mwizi wa kuku. Haipatikani ila kwa kufaulu mtihani wa kusema: dakika kumi mbele ya watahini watatu, ukieleza jambo moja la kwetu. Nilikuwa nimeanguka mara mbili. Mimi, niliyejifundisha kutunga mashairi bila mwalimu, ninayeitwa kusema katika arusi kuanzia Msambweni hadi Lunga Lunga! Jaribio la tatu lilikuwa la mwisho. Ukianguka hapo, jina lako linafutwa.

Na sikuangushwa na woga. Niliangushwa na kimya. Kwetu mtu akisimama kusema barazani hasemi na hewa, huwekewa mwitikiaji. Ukimaliza sentensi yeye husema "naam", nawe unapata pa kukanyaga. Nimekua ndani ya naam hizo. Watahini wamekatazwa kuitikia. Hukutazama tu, kama samaki waliolazwa kwenye barafu. Mara zote mbili nilisema sentensi ya kwanza, nikangoja, na ya pili ikakwama kooni. Ndipo nikaamua kujifunza kusema na kimya, na sikujua mahali patupu zaidi ya ukumbi ule.

Basi nikakikazia macho kile kiti nikaanza upya maelezo yangu ya kilimo cha mwani. "Mwani hupandwa maji yakiwa yametoka."

"Naam."

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya chini, yenye kikohozi kidogo pembeni. Ilitoka kitini. Nilitaka kuondoka, wallahi, lakini sentensi ya pili ilikuwa imeshatoka yenyewe, na ya tatu ikaifuata, na kila moja ikapokewa. Siku ile nilisema dakika kumi bila kukwama. Kisha nikachukua mkoba wangu nikatoka bila kugeuka nyuma.

Kesho yake nilirudi. Siku ya tatu pia. Nilijifunza kuacha nafasi mwisho wa sentensi, na katika nafasi hiyo nikajifunza kuvuta pumzi. Nilipoingiza beti zangu za kujisifu, kiti kilinyamaza kimya.

"Hujui ushairi, wewe," nilikiambia kwa hasira. Nilipoyarudia mambo ya kamba za kufungia mwani na vidole vilivyochanika, kikaitikia tena. Sikupenda kusahihishwa na kitu nisichokiona. Lakini beti nilizitoa.

Siku ya tisa, mtihani ukiwa kesho yake, nilipitia kwa bibi yangu, Mwanatumu, ambaye amelima mwani zaidi ya miaka kumi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kuniona au umekuja kula?"

"Nimekuja kuuliza, kamba moja hufungwa mashina mangapi?"

"Basi umekuja kula. Kaa."

Tukiwa tunakula nilimwambia habari za kiti, kwa kucheka, kama kisa cha kupoza chakula. Bibi hakucheka. Aliuweka mkono wake ukingoni mwa sinia.

"Na wewe ulimwitikia lini?"

"Nani?"

"Huyo anayekuitikia. Ukimaliza kusema unaketi, yeye anasimama, na wewe unamwitikia. Hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua hilo. Siku ngapi?"

"Tisa."

"Tisa! Unasema, unachukua mkoba, unakwenda zako?"

"Bibi, hakuna mtu pale."

"Hakuna mtu, na anakuitikia?" Alinitazama mpaka nikainamisha macho. "Atakufuata, Twahir, mpaka umpe zamu yake. Wala si kwa ubaya. Aliyengoja sana hasubiri kukaribishwa."

Asubuhi, kabla ya kwenda Ukunda kwenye mtihani, nilisimamisha tuktuk kwenye geti la hoteli. Nilimwuliza Hesbon kama kuna mtu aliyewahi kufia ukumbini.

"Buda, hiyo umeitoa wapi?" Alitazama nyuma yake kwanza. "Alikuwa Mzee Ziro, mpishi mkuu. Siku ya kufunga hoteli walituita wote mle ndani, watu kama mia hivi. Tulimchagua yeye atusemee. Akapanda jukwaani, akasema 'Ndugu zangu,' akaanguka. Gari la wagonjwa lilimkuta ameshaenda. Mpaka leo hatujui alitaka kusema nini."

"Alikuwa na kikohozi?"

"Moshi wa jiko, miaka ishirini. Kwani wewe ulimjua?"

Nilitazama ndani kupitia getini. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Ningeweza kuingia, nikaketi, nikampa zamu yake. Lakini mtihani ulikuwa saa tatu na dereva alikuwa ananung'unika. Nilijiambia kwamba mpishi aliyengoja miaka mitatu anaweza kungoja mpaka adhuhuri. Nikapanda.

Chumba cha mtihani kilikuwa na baridi ya mashine. Mkuu wa watahini, Bi Philister, mama wa bara mwenye miwani ya mnyororo, aliniashiria nianze. Mlango ulifungwa nyuma yangu. Nilisema sentensi ya kwanza nikaacha nafasi. Watatu wale walinitazama kimya. Nilivuta pumzi, tayari kwa ya pili, tayari kweli, peke yangu.

"Naam."

Ilikuwa nyuma ya sikio langu la kulia. Niliusikia mpaka ule mkwaruzo wa kifua. Hakuna mtahini aliyeinua uso. Mdomo ulikwenda wenyewe. Kwa maneno niliwapeleka watu wale Mkwiro, kwenye mashamba ya mwani, maji yakiwa yametoka, nikawainamisha wafunge mashina, nikawapandisha ufuoni mgongo ukiwauma. Niliwaona wakisogea mbele katika viti vyao. Sijawahi kusema vile na sidhani kama nitasema vile tena.

Nilipomaliza, mtu nyuma yangu alisafisha koo.

"Ndugu zangu," alisema.

Kalamu ya Bi Philister ilisimama. Aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Umekuja na mtu?"

"Hapana, madam."

"Mbona nasikia..." Alivuta sweta yake mabegani, akamwuliza mwenzake kama mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Wakaandika haraka haraka. Alama themanini na moja. Alinipa barua ya beji bila kunigusa mkono.

Nilitoka mbio. Nilikuwa na barua mkononi, na furaha haikuja. Ndani ya tuktuk, upepo ukivuma pande zote, ile sauti ilikuwa nyuma ya sikio langu. "Ndugu zangu." Kisha inangoja. "Ndugu zangu." Inangoja tena. Dereva alipandisha redio, na bado niliisikia. Haikuwa inanitisha. Iliomba. Niliyajua maombi yale. Nilisimama nayo mara mbili mbele ya watahini, sentensi ya pili imenikaba, hakuna mtu wa kunipokea. Mimi nilipewa jaribio la tatu. Nikamwambia dereva asinipeleke nyumbani.

Hesbon alinifungulia geti. "Umefaulu?"

"Nimefaulu. Usiingie ndani mpaka nikuite."

Ukumbini jukwaa lilikuwa tupu. Kile kiti kilikuwa pale pale, hatua nne mbele yake. Nilikiketia. Kilikuwa na joto, kama kilichoachwa sasa hivi. Nikasikia mbao za jukwaa zikilia, hatua moja, ya pili, uzito wa mtu mnene anayepanda bila haraka. Kisha pakawa kimya, na katika kimya kile kifua kikikwaruza, kikitafuta pumzi.

Niliinua uso nikalitazama jukwaa.

"Mzee Ziro," nilisema, "mimi ni Twahir. Anza unapotaka. Hata jua likitua, hata kesho ikitukuta hapa, nitakuitikia kila neno, na nakuahidi sitainuka kabla hujamaliza."