Chai ya Bi Bakhita

Mwaka 2001 mtaa mzima wa Bustan, hapa Maskati, uliugua presha, au ndivyo alivyoamini Bi Bakhita. Kila Ijumaa alipika birika la chai la kutosha harusi, na kila mgeni akawa na daktari wake: huyu kakatazwa chai, yule kakatazwa mchuzi. Halafu wakaacha kuja kabisa. Na kwa Bi Bakhita, nyumba isiyo na watu ni kaburi lenye mazulia.

Ijumaa moja akatwaa mtandio, akavuka njia kwenda kwa Masouda, shoga yake tangu utoto wao Unguja. Viatu vimejaa mlangoni. Ndani, wagonjwa wote wamekaa, vikombe mkononi! Na mwanawe mwenyewe, Majid, anachovya andazi.

"Kha! Presha zishapoa?"

Masouda akammiminia kikombe. "Kunywa kwanza, shoga. Utatutukana baadaye."

Akaonja. Akaonja tena. "Umetia nini humu?"

"Sikutia kitu. Maji ya gari tu, yale ya kununua."

"Kwani yangu yana nini?"

Watu wakatazama zulia.

"Chumvi, mama," akasema Majid. "Maji ya wadi, lile bonde la mvua, hayajashuka mlimani miaka sasa. Mvua siku hizi haina adabu. Haiji, na ikija inakuja na hasira zake, maji yanakimbilia baharini kabla ardhi haijayameza. Kisima chetu kinakosa maji matamu, bahari inakiingilia kwa chini. Wewe unayanywa kila siku, ulimi ushazoea."

"Na nyote mkanyamaza!"

"Tungesema nini?" akajibu Masouda. "Kile kisima kachimba mumeo Sleiman kwa mikono yake. Kila ukimimina chai unamtaja. Nani angeitema mbele yako?"

Bi Bakhita akakitazama kikombe, macho yakamlowa. Kumbe walikuwa wakimeza chumvi kwa ajili ya mumewe. Na Sleiman, Mungu amrehemu, alichimba kisima ili asikose la kuwakaribishia watu. Hakuchimba ili wakimbie.

"Majid, kesho niitie hilo gari la maji. Kisima cha baba yako kitanywesha mitende." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Na nyinyi, Ijumaa nnakutakeni wote. Atakayeniletea habari za daktari, nitamchotea kisimani, nimsimamie mpaka amalize."

"Tutakuja, bibi wee," akacheka Masouda. "Sogea, ukae."

Wakambanania nafasi, akakaa katikati.