Mabati ya Kijani ya Bondeni

Katika mji wa Majanini, himaya ya Mfalme Kiboko, palikuwa na sheria moja nzuri, na nzuri hazikuwa nyingi. Kila mwaka kabla ya masika, Mwewe aliruka juu ya mji akachora ramani: penye miti alipaka kijani, penye ukame alipaka nyekundu. Mtaa uliopakwa nyekundu ulipewa miche na maji. Bondeni, mtaa wa mabati, ulikuwa mwekundu miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka miche yake ikapotelea njiani. Nani angethubutu kuuliza?

Mwaka wa nne Mfalme akawa anatarajia wageni, wafalme wa nchi jirani. Waziri Tausi akaamuru mabati yote ya Bondeni yapakwe rangi ya kijani. Lo! Watu wanataka kivuli, wanapewa rangi!

Mwewe alipofika juu ya Bondeni hakuhitaji hata kupiga bawa. Joto la mabati lilimpandisha lenyewe. Juu ya miti halisi hewa hupoa, na ndege mzito kama yeye hulazimika kupiga mabawa mpaka kifua kimuume. Kwa hiyo alijua kuwa kijani kile ni rangi tu, tena alijua vizuri.

Barazani Tausi akamuuliza mbele ya wazee wote, "Haya, Mwewe, Bondeni umeona rangi gani?"

Mwewe akaufikiria unyoya wa dhahabu aliovishwa na Mfalme.

"Kijani, Mtukufu."

"Alhamdulillahi! Basi miche ya mwaka huu tuipeleke wapi?"

"Hapa ikulu jua ni kali kwelikweli," akasema Mfalme, naye maji ya bwawa yamemfika kidevuni.

Wazee wakacheka kwa adabu. Mwewe naye akacheka, na kicheko kile kilikuja kumtesa kuliko uongo wenyewe.

Kiangazi kikaja bila huruma. Bi Kuku wa Bondeni alikuwa na vifaranga kumi na mmoja. Katika juma moja joto la bati likaua tisa. Habari zikamfikia Mwewe. Akaona haya hata kujitazama. Akamwendea Tausi, akamsihi amruhusu achore upya.

"Ramani imeshapigwa mhuri," Tausi akamjibu. "Unataka Mfalme aonekane mwongo?"

"Mwongo ni mimi, Mheshimiwa."

"Basi tulia na cheo chako."

Hakutulia. Mchana uleule alitua uani kwa Bi Kuku, kichwa chini, majirani wote wakimkodolea macho.

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Radhi!" Bi Kuku alisema. "Zamani ulikuwa ukija unachukua kifaranga mmoja, nasi tukikiona kivuli chako tunakimbia. Safari hii umechukua tisa, na ukucha wako hata haukuchafuka. Tungekimbilia wapi?"

Mwewe hakujua auweke wapi uso wake. Machozi yakamtoka.

"Usinililie hapa. Wewe si unaona mbali? Miche yetu imepandwa wapi?"

"Nyuma ya bwawa la Mfalme," akasema kwa sauti ndogo. "Ya miaka yote minne."

Bi Kuku akawaita vifaranga wake wawili waliobaki, akashika jembe. Bondeni nzima ikatoka na majembe.

"Haya, tangulia," akamwambia Mwewe. "Na uruke chinichini, ikulu wamwone anayetuleta."