Mtoto wa Kushikilia Mzigo

Habari ya ile pasi Mama Chiriku aliisikia kliniki, siku aliyokwenda kupima presha. Mwanamke aliyekaa naye benchi moja alisema kuna familia ilikuwa inahama, pasi ikatupiwa nyuma ya gari juu ya magodoro bila kufungwa. Gari likapiga breki, pasi haikupiga breki. Ilipita katikati ya vichwa vya watu, ikatokea mbele, ikaendelea na safari yake. Mpaka leo inakwenda. Watu wa mitaa ya huko wameshaizoea. Wakiisikia inakuja wanainama, ikishapita wanaendelea kufua.

"Ya umeme au ya mkaa?" akauliza bibi mmoja.

"Ya mkaa."

"Aa, basi. Zile nzito."

Benchi zima likakubaliana kwamba zile nzito kweli, muuguzi akaita namba, maneno yakaishia hapo. Kwa Mama Chiriku hayakuisha. Yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni, kila akimeza mate anausikia. Presha yake siku hiyo ilikuwa juu.

Mumewe alikuwa karani wa ghala, mtu wa kutwa nzima kuandika mizigo ya watu. Alipoelezwa habari ya pasi alicheka mpaka chai ikampalia. "Mama Chiriku, za kuambiwa changanya na zako," akasema.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu yao kuhama, kutoka vyumba viwili vya uani kwenda nyumba ya vyumba vitatu upande wa pili wa mji. Gari lilikuwa la shemeji, mdogo wake mume. Lilikuwa jipya, limesimama juu kama ghorofa, na buti lake ungeweza kulaza ng'ombe. Kwenye sakafu ya buti kulikuwa na pete nne za chuma za kufungia mizigo. Zilikuwa bado zimevikwa nailoni ya kiwandani, na shemeji hakutaka ichanwe.

Mama Chiriku alitoka na kamba ya manila, pima sita, aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo.

"Shemeji, hiyo kamba ya nini?" akauliza shemeji. "Unataka kunichubulia gari?"

"Ya kufungia mizigo, shemeji. Kuna pasi humo, kuna masufuria."

"Hii gari, shemeji, si punda wa kufungwa kamba."

Baba Chiriku alikuwa anapanga. Kazi hiyo aliijua. Kule ghalani aliwaimbia wapagazi kila asubuhi: kizito chini kiegemee kiti, chepesi juu, na kitu chochote kisivuke mgongo wa kiti. Lakini gari halikuwa la ghala, lilikuwa la mdogo wake, na mwenye gari ndiye mwenye neno. Mdogo wake akasema magodoro yakae chini, yasichafuke na vyombo. Magodoro yakakaa chini. Juu yake vikapangwa vyombo, mnara wa masufuria, pasi, ndoo ya vibanio vya nguo, mpaka dari.

Televisheni ilivikwa blanketi, ikakalishwa kiti cha nyuma dirishani, ikafungwa mkanda. Shemeji aliuvuta ule mkanda mara mbili kuhakikisha umeshika. Mama mkwe akakaa dirisha la pili. Katikati akakaa Mama Chiriku. Mbele wakakaa ndugu wawili.

Akabaki Chiriku amesimama barazani, miaka tisa, mdomo haujafungwa tangu alfajiri. Ndiyo maana walimwita Chiriku.

"Huyu aingie nyuma," alisema shemeji. "Ashikilie masufuria yasinipigie kelele njiani."

"Nyuma hakuna mkanda, shemeji."

"Kamba ya nini na mtoto yupo?"

Mama mkwe akacheka. "Enzi zetu tulipanda juu ya magunia, na tupo. Mke wa mwanangu, wewe una woga wa kuku."

Chiriku mwenyewe alifurahi. Alipanda buti kwa magoti, akajikunja juu ya magodoro, mkono mmoja kwenye vifuniko vya masufuria, mwingine kwenye mpini wa pasi.

"Shika hapo hapo," baba mdogo wake akamwambia. "Usiachie mpaka tufike. Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

Mama Chiriku akamtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake. Basi na yeye akanyamaza. Kuna kunyamaza kwa adabu na kuna kunyamaza kwa woga, na ukiwa umekaa bega kwa bega na mama mkwe, ni vigumu kujua umeshika kupi.

Kwenye makutano ya barabara kuu, saa nne na robo asubuhi, mtu wa baiskeli aliingia barabarani. Shemeji akapiga breki. Kila kilichofungwa kikasimama: watu wazima wanne na televisheni moja. Kilichobaki kikaendelea. Mama Chiriku alisikia pindo la gauni likipita juu ya nywele zake. Kioo cha mbele hakikupasuka. Chiriku alikipita kama mtu anayepita mlango wa kwao, amekaa vilevile alivyokaa, miguu ameikunja, mikono iko kwenye kazi yake, na masufuria, pasi na ndoo ya vibanio vikamfuata. Alimruka mtu wa baiskeli, akashika barabara inayonyooka kuelekea nje ya mji. Basi lililokuwa mbele lilimpisha.

Askari wa barabarani alikuja na daftari.

"Ulikuwa mwendo gani?"

"Arobaini, afande," alisema shemeji.

Askari akaandika arobaini. "Mtoto ameelekea wapi?"

"Mbele," alisema Baba Chiriku.

Askari akaandika mbele. Akasema wasiwe na wasiwasi, dunia mviringo, anayekwenda mbele bila kukata kona hana pa kutokea ila hapo hapo alipoondokea. Kisha akapiga muhuri.

Wakafika nyumba mpya, wakashusha vitu. Televisheni haikuwa na mkwaruzo. Picha ilikuwa safi kuliko kule walikotoka, kwa sababu antena ilikuwa juu zaidi.

Jirani wa nyumba hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mama mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Aliposikia, akachukua karatasi. Dunia kuizunguka ni kama kilomita elfu arobaini, akasema. Kwa mwendo wa arobaini kwa saa, hizo ni saa elfu moja. Gawanya kwa ishirini na nne. Mtoto atapita siku ya arobaini na mbili.

Ukoo ukaambiwa usubiri siku ya arobaini na mbili. Lakini mama ni mama. Kila asubuhi Mama Chiriku alikwenda makutano, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya kibanda cha muuza vocha, akatazama barabara.

Siku ya kumi na saba, saa nne na robo, mtoto akapita.

Alitokea nyuma ya maduka ya mbao, kimo cha kifua cha mtu mzima, nywele zimetimka, gauni lina vumbi la rangi ambayo haipo mji huo. Mikono ilikuwa bado kwenye vifuniko na kwenye pasi. Mama Chiriku alikimbia naye hatua nne.

"Achia, mwanangu! Achia!"

Chiriku akageuza shingo, akafungua mdomo, lakini alikuwa ameshavuka kituo cha mafuta.

"Anakwenda huyo," alisema muuza vocha. "Huu mwendo wa mia."

Mwalimu akachukua karatasi nyingine. Akaandika, akafuta, akabadilisha miwani. "Shemeji yako alisema alikuwa mwendo gani?"

"Arobaini."

"Tisini na nane," alisema mwalimu. "Hesabu haina shemeji, mama."

Kikao kikaitwa sebuleni. Shemeji alikuja na funguo za gari kidoleni, akazizungusha muda wote. Alisema Mama Chiriku ana presha, watu wa presha huona mengi, huenda aliona ndege. Alisema tena kwamba yeye ni dereva wa miaka kumi na miwili, na aliyoyaandika askari yameandikwa.

"Muuza vocha naye ana presha?" akauliza Mama Chiriku.

"Unataka nini, mwanamke?" mama mkwe akamkatiza. "Unataka mwanangu afungwe? Mtoto si yupo? Si anaonekana? Kuna wenzio wana watoto wako mbali na hata kuonekana hawaonekani."

Baba Chiriku alitazama zulia. Lilikuwa zulia jipya.

Siku ya thelathini na nne Chiriku alipita tena, na jibu alikuwa nalo tayari. Alikuwa na siku kumi na saba za kulipanga.

"Baba mdogo alisema nisiachie mpaka tufike!"

Sauti ilikuwa ya mtoto anayemkumbusha mtu mzima jambo la wazi. Hapo Mama Chiriku akaelewa kwamba kamba iliyomfunga binti yake ni neno, na aliyelifunga ndiye wa kulifungua. Walikuwa wameshajaribu mengine. Asubuhi hiyo hiyo wapagazi watatu wa ghalani walitandaza wavu wa mizigo barabarani, akaupita kama moshi, wavu ukabaki unacheza. Kinacholetwa baada ya breki hakishiki kitu.

Alikwenda kwa shemeji na kanga ya heshima mabegani. Alimkuta anaosha gari.

"Shemeji, sikuombi ukiri kitu. Nakuomba uje makutano umwambie mtoto aachie. Neno moja tu. Siku ya hamsini na moja, saa nne na robo."

"Hamsini na moja? Hiyo siku imetoka wapi?"

"Kumi na saba mara tatu, shemeji."

Shemeji akakamua kitambaa. "Mimi nitakuja siku ya arobaini na mbili. Hiyo ndiyo siku yake, kwa mwendo niliokuwa nao mimi. Nikija siku yako, nitakuwa nimesema nini mbele za watu?"

Na kweli alikuja. Siku ya arobaini na mbili alifika makutano amevaa shati lililonyooshwa, mama yake amemletea kiti cha kukunja, askari amealikwa. Alikaa tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Kisha akasimama, akaiambia barabara tupu kwa sauti ya kusikika, "Chiriku! Achia!" Akakunja kiti.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Mimi wajibu wangu nimetimiza."

Askari akaandika kwamba alikuja.

Siku ya hamsini na moja alikuja baba wa mtoto. Alikimbia kuliko mkewe, akapiga kelele, "Achia! Mimi baba yako ndiye nasema!" Mtoto akapita. Siku ya sitini na nane akamjibu, bila hasira yoyote: "Lakini baba, siku ile wewe hukusema kitu!" Baba Chiriku alirudi kazini. Ghalani wanasema siku hizi anafunga kila kitu, hata kalamu ameifunga uzi. Makutano hakwenda tena.

Watu wakazoea. Watu wa manispaa walisimamisha kibao chenye picha ya mtoto aliyekaa. Muuza vocha aliandika tarehe kwenye ubao wa kibanda ili wateja wasisimame njiani. Wenye mikokoteni walipisha bila kuambiwa. Mama Chiriku alijifunza kuchagua maneno, maana ilikuwa sentensi moja kwa siku kumi na saba. Mara moja alimuuliza kama amekula. Mara nyingine alimwambia tu kwamba nywele zake atazisuka. Yule mtoto aliyekuwa hamalizi maneno, naye akawa wa sentensi moja. Alitimiza miaka kumi huko huko njiani. Gauni likawa fupi.

Ilikuwa mara ya kumi na tisa alipopita sambamba na gari. Mama Chiriku alimwona anatokea nyuma ya maduka ya mbao, na ubavuni kwake, kwa mwendo ule ule, hakuna anayempita mwenzake, gari la shemeji. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na keki ya harusi ya ngazi nne, imefungwa mkanda. Nyuma kabisa, kwenye buti, juu ya makreti ya soda, walikaa watoto watatu wa ukoo wameshikilia trei za glasi. Walimwona dada yao, wakampungia kwa vidole, mikono ikiwa kazini. Chiriku hakuweza kupunga. Aliwaitikia kwa kichwa.

Kisha akamgeukia dereva. Alikuwa karibu naye kiasi cha mkono kufika. Alimtazama tu, vile mtoto anavyomtazama mkubwa akisubiri kuambiwa basi, inatosha.

"Shemeji!" Mama Chiriku alipiga ukelele, ndoo ikaanguka. "Shusha kioo! Mwambie!"

Vioo vilikuwa vimefungwa, kwa sababu ya kiyoyozi. Shemeji alitazama mbele, mikono miwili kwenye usukani, kama dereva makini.

Baada ya kituo cha mafuta gari lilikata kushoto kwenda ukumbini. Chiriku akanyoosha.

Muuza vocha alimwokotea Mama Chiriku ndoo, akaandika tarehe nyingine ubaoni.

Mambo ya kuepuka:

Usipakie kitu kikavuka mgongo wa kiti.

Usiweke kizito juu ya chepesi.

Usiache pasi, sufuria wala mtungi wa gesi bila kufungwa, hata kama mnakwenda hapo tu.

Usiache nailoni kwenye pete za kufungia mizigo.

Usiuamini mwendo wa kuambiwa.

Usiupe mzigo mkanda wa mtoto.

Usimpandishe mtoto kwenye buti, hata akifurahi mwenyewe.

Usimwambie mtoto mtiifu ashike kitu kisichoshikika.

Usinyamaze kwa sababu gari si lako.