Shimo la Pap Onditi

Mimi nilidhani kazi ya sheria ni kusoma sheria. Nilifika ofisini kwa Wakili Metrine Wechuli, ghorofa ya pili mjini Kisumu, na blezi mpya na kitabu kinene mkobani, na kitu cha kwanza nilichoambiwa ni nitafute chaja ya simu ya Madam kwa sababu korti inaanza. Nikauliza, haya, tunaenda na nini? Waswa, karani wa pale, akanitazama kwa huruma. Korti ilikuwa ndani ya simu. Madam alikuwa na koti jeusi na kola nyeupe juu, chini kandambili, akamwambia jaji kwamba yuko tayari kuendelea, kisha akafunga sauti na kuninong'oneza kwamba hayuko tayari hata kidogo. Jaji akaahirisha kesi. Madam akafurahi, mteja akalia, na mimi nikakaa pale na blezi yangu, sijui nani ameshinda.

Hivyo ndivyo mafunzo yangu ya kazini yalivyoanza, na wacha niseme ukweli, kila siku ilinipoteza zaidi ya jana yake. Lakini kilichonivuruga kabisa ni kesi ya Anyango.

Mumewe, Ogweno, fundi wa pampu za maji, alikuwa amefariki na kukaa mochwari karibu mwezi mzima. Mimi naitwa Shaista, ni Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Kisumu. Kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Sikuwahi kuona maiti akingoja jaji. Anyango alitaka amzike Kombewa, kwenye boma walilonunua na kujenga pamoja. Ochuodho, kaka mkubwa wa marehemu, alitaka azikwe Pap Onditi, kando ya baba yao, kwa sababu, alisema, mwanaume halazwi kwenye udongo wa kununua. Nikamuuliza Madam marehemu mwenyewe alitaka nini. Akaniambia nisome faili. Nikasoma. Faili nayo haikujua.

Siku moja Anyango akingoja zamu yake nilimletea chai, na bila mimi kuuliza akasema Ogweno akizikwa Pap Onditi, yeye atakuwa mgeni kwenye kaburi la mume wake mwenyewe, kila akitaka kung'oa majani juu yake aombe kwanza ruhusa ya shemeji. Alisema hivyo bila kupaza sauti. Tangu hapo nikawa upande wake, ingawa tulifundishwa kwamba wakili hana upande, au ana upande lakini hana moyo, hata sikumbuki ni lipi.

Basi jaji akatoa amri: hakuna kuzika hadi kesi isikizwe. Siku ya Ijumaa Waswa akaipeleka Pap Onditi na kukuta kaburi limeshachimbwa na viti vimeshapangwa. Aliporudi alisema Mzee Ochuodho aliipokea karatasi, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Hilo Madam hakulipenda. Jumamosi asubuhi akanituma mimi nikaangalie kama wametii. Kwa nini mimi? Eti msichana wa Kihindi mwenye hijabu hakuna atakayedhani ametoka kwa wakili. Nikamuuliza, nikiulizwa nimefuata nini nitasema nini? Akasema nitajua hapo hapo. Wallahi, sikujua.

Mgeni ni kuku mweupe. Hata lango sikulifikia kabla mama mmoja hajanishika mikono yote miwili na kunishukuru kwa kuja. Alikuwa ameshaamua kwamba mimi ni mjukuu wa Manubhai, tajiri ambaye Ogweno alimtengenezea pampu miaka mingi. Manubhai ni Mhindu! Hatuna udugu hata wa jirani. Lakini yule mama alikuwa ameshaanza kuniombea baraka, nikaona nikimkatiza nitakuwa sina adabu. Nikakalishwa kiti cha mbele na kupewa chai.

Kisha Mzee Ochuodho akainuka na watu wote wakamfuata kuelekea kaburini. Vijana wanne wakatokea nyuma ya nyumba wamebeba kitu kirefu, kimefungwa kwa shuka jeupe. Wakakishusha taratibu mle shimoni.

Sasa mwenzangu, kwangu mimi hapo hapakuwa na cha kushangaza. Sisi tunazika kwa sanda. Baba yangu mdogo alizikwa hivyo hivyo. Nilichoona ni amri ya korti inakanyagwa mchana kweupe, na mimi shahidi nimeshika kikombe cha chai. Nilitaka kupiga kelele, lakini nikajikuta nakunywa chai. Walipoanza kutupa udongo wakaniita mgeni wao nitupe nami. Nikatupa mara tatu kama nilivyofundishwa nyumbani, na nikasoma dua kimoyomoyo. Sikujua kama inafaa kumsomea asiye wa dini yetu. Nikasoma tu, Mungu atajua pa kuipeleka.

Nilipokuwa naondoka, Mzee Ochuodho akanishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyathina, mwanangu," akasema. "Ukifika mjini mwambie Anyango shimo la hapa tumelifunga."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaniuma. Amemnyang'anya mjane mumewe, halafu ananituma nikamringie! Nilipofika barabarani nikampigia Madam na kumwambia wamezika. Akaniuliza kama nimeona kwa macho yangu. Nikamwambia udongo nimetupa kwa mkono wangu huu. Nikasikia mwanamke akilia nyuma yake. Anyango alikuwa pale ofisini, amesikia kila neno.

Nilirudi nikamkuta amekaa sakafuni, leso amejifunika kichwa kizima. Simu ya mochwari haikushikwa, na Waswa alikuwa ametumwa huko akaangalie mwenyewe. Madam alikuwa kwenye kompyuta anaandika hati ya kiapo. Mimi niape nilichokiona, Jumatatu aipeleke kwa jaji, na Ochuodho alale ndani. Nikaona sawa, alale. Akaanza kuniuliza mambo madogo madogo ya kujaza. Jeneza lilikuwa la rangi gani?

Nikamwambia halikuwepo.

Vidole vya Madam vikasimama. Akauliza basi walimzika na nini. Nikasema na shuka. Akauliza mchungaji alikuwa nani. Nikasema sikumwona mchungaji yeyote. Nyimbo je? Hakuna. Nikaanza kuchoka na maswali. Kwani lazima kila mtu azikwe ndani ya kabati? Nikasema hivyo hivyo, kwa ukali, mbele ya mjane, na bado naona aibu.

Leso ikainuka. Anyango alikuwa ananitazama.

"Nani alilia?" akauliza.

Nikafikiri. Nikakumbuka yule mama wa langoni, wale vijana, wazee na kofia zao. Nikamjibu kwamba hakuna aliyelia.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akaishusha leso mabegani. Kisha akasema, "Wamezika mgomba."

Madam akaondoa mikono kwenye kompyuta na kujishika kichwa. Mimi nilikuwa natazama huyu, natazama yule. Mgomba? Huu huu wa ndizi? Ikabidi wanieleze kama mtoto. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi bila mtu, litaita mwingine wa boma lile. Kwa hiyo unakatwa mgomba, unalazwa humo, linafukiwa. Na likishafukiwa hivyo, mtu yule hachimbiwi tena pale. Pap Onditi hapakuwa tena na nafasi ya Ogweno.

"Amekubali," Anyango akasema. "Ochuodho amekubali." Akaanza kulia upya, zaidi ya mwanzo, nami nikachanganyikiwa upya, maana nilijua sasa ameshinda. Ikabidi nikumbuke macho mekundu ya yule mzee, na salamu zake ambazo nilizibeba njia nzima kama tusi. Nikazitoa hapo, neno kwa neno.

Waswa akapiga simu. Ogweno yuko mochwari, hajasogezwa.

Anyango akajifuta uso, akaniuliza kama kweli nilitupa udongo. Nikasema mara tatu. Na dua nilisoma? Nikaitikia. Akamtazama Madam, Madam akamtazama, wakacheka mpaka Madam akaegemea meza. Nilikasirika. Mimi nimeusomea mgomba, ninyi mnacheka! Nikawauliza, na korti je, si haijaamua lolote? Madam akasema Jumatatu tutaenda kuiambia kilichoamuliwa.

Ogweno alizikwa Kombewa wiki iliyofuata, kwa jeneza, mchungaji na nyimbo, na kilio cha kutosha. Sikutegemea watu wa Pap Onditi watakuja. Walikuja, na Ochuodho mbele. Ilipofika zamu yake ya kutupa udongo aliuchota, akasimama nao, kisha akaumimina mkononi mwa Anyango ili aanze yeye. Anyango akaanza.

Ndipo mzee akaniona kule nyuma, na akaniita.

"Wewe ulitusaidia kumzika nyumbani kwetu," akasema. "Njoo umzike na kwake."

Nikatupa mara tatu. Nilikuwa nalia, na hadi leo sielewi kwa nini, kwa sababu yule mtu sikuwahi kumwona akiwa hai.